Kununua sarafu za kale za Kirumi mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapomtolea mgeni sarafu zangu mezani, maswali huja kwa mpangilio uleule: "Ni za kweli hizi?", kisha "Umezipata wapi?", kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Bei gani?" Nimeyakusanya hapa pamoja na yale ninayotumiwa WhatsApp na watu wanaotaka kuanza. Bei zote ni makadirio yangu, kwa dola za Marekani.

## Ya mwanzo

Mtu wa kawaida anaweza kweli kumiliki sarafu ya miaka 1,700?

Anaweza, tena kwa pesa ambayo ungetumia kuipeleka familia kula chipsi kuku mara moja. Warumi walitengeneza sarafu kwa mamilioni, karne baada ya karne, na hatari ilipokaribia watu walitia akiba yao chunguni na kuifukia. Asiyerudi, chungu chake kilimngoja mtu mwingine. Mwaka 2010 huko Frome, Uingereza, chungu kimoja kilitoa sarafu 52,503. Miaka mitatu baadaye, Seaton Down katika jimbo la Devon, zikachimbuliwa nyingine 22,888.

Kwa hiyo uzee peke yake hauifanyi sarafu kuwa ghali. Kinachopandisha bei ni madini, hali yake, na sura ya nani imo. Constantine alitawala miaka 30 na ushei (306–337 BK), na sarafu zake zimejaa kila duka. Otho alikaa madarakani miezi mitatu tu mwaka 69, na dinari yake, hata iliyolika, huuzwa mamia ya dola.

Nianze na ipi?

Anza na shaba ndogo za karne ya 4. Ninayopenda kumshauri mgeni ni ile yenye maandishi VRBS ROMA, iliyoanza kutolewa mwaka 330. Upande wa mbele ni mji wa Roma katika umbo la mwanamke aliyevaa kofia ya chuma. Upande wa nyuma, mbwa mwitu jike anawanyonyesha mapacha Romulus na Remus, na juu yao nyota mbili. Ina upana wa milimita 17 au 18, ndogo kuliko shilingi mia yetu, lakini ikiwa haijachakaa sana utamwona mbwa mwitu amegeuza shingo kuwatazama watoto. Dola 20 hadi 50. Ile ya FEL TEMP REPARATIO, askari akimchoma mkuki adui anayeporomoka na farasi wake, ni rahisi zaidi.

Ukitaka sarafu ya fedha, antoniniani ya Gordian III (238–244) hupatikana kwa dola 40 hadi 80, na dinari ya Antoninus Pius au Septimius Severus kwa dola 70 hadi 150. Dhahabu iache kwanza. Na yale mafungu ya "sarafu ambazo hazijasafishwa", eti unaweza kubahatisha, yapite tu. Yameshachambuliwa na watu watatu kabla hayajakufikia. Sarafu moja nzuri itakufurahisha miaka mingi, ilhali kumi zilizolika zitaishia kwenye kopo.

Dinari, antoniniani, follisi, sesterti: tofauti yake nini?

Dinari ni sarafu ya fedha iliyoanza kama mwaka 211 KK. Wakati wa Augusto ilikaribia gramu 4; Nero akaipunguza uzito mwaka 64 BK, ikawa gramu 3.4 hivi. Jina lake tunalo mpaka leo: denarius ikapita kwa Wagiriki, ikapita kwa Waarabu, ikafika kwetu na kwenye Biblia zetu ikiwa dinari.

Sesterti ni pande la shaba ya manjano, gramu 25 hivi, na ndiyo yenye nafasi ya kuchora vizuri. Antoniniani ilianzishwa na Caracalla mwaka 215. Utaijua kwa taji la miale kichwani mwa mtawala. Kwa malkia, picha yake imekalia hilali. Ilianza na fedha ya kutosha, lakini ilipofika zama za Gallienus, miaka ya 260, ilikuwa karibu shaba tupu. Follisi ni jina ambalo wakusanyaji hulitumia kwa shaba kubwa zilizokuja na mageuzi ya Diocletian kama mwaka 294. Nalo lina jamaa huku: follis ndiyo iliyozaa fals ya Kiarabu, na wazee wetu wakasema fulusi.

Maelezo ya muuzaji yamejaa herufi na namba. Nayasomaje?

Chukua mfano huu: "Gordian III, 238–244. AR Antoninianus, 4.35 g, 23 mm, 12h. Rome. LAETITIA AVG N. RIC IV 86. VF."

Miaka ni ya utawala. AR ni fedha, AE shaba, AV dhahabu, vifupisho vya Kilatini vyote. Zinafuata gramu na milimita. Rome ni mji ilikopigwa, na LAETITIA AVG N ni maandishi ya upande wa nyuma. Muuzaji asiyetaja uzito muulize, na akisita, achana naye. Herufi RIC ni orodha kuu ya sarafu za himaya ya Kirumi, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 1923. IV ni juzuu la nne, na baada yake hufuata namba ya aina ya sarafu, hapa 86. Namba hiyo unaweza kuikagua bure kwenye OCRE, hifadhi ya mtandaoni ya Jumuiya ya Sarafu ya Marekani.

Hapo kwenye 12h ndipo Mswahili huchanganyikiwa. Ni mwelekeo wa picha ya nyuma ukilinganisha na ya mbele, ukifuata uso wa saa ya ukutani: 12h picha zote mbili zimesimama upande mmoja, 6h ya nyuma imepinduka. Usihesabu saa zetu, la sivyo saa sita itakuwa kinyume chake.

VF ni daraja la hali. F imelika lakini inasomeka, VF ina maungo ya uso na nywele, EF karibu haijatumika. Wajerumani wana S, SS na VZ kwa mpangilio huohuo. S yao ni kifupi cha "schön", yaani nzuri, ila uzuri huo ni wa sarafu iliyopita mikononi mwa soko zima.

## Kumchagua muuzaji

Nitajuaje muuzaji anaaminika?

Hili ndilo swali lenyewe; mengine yote yanalizunguka. Hujaishika sarafu, hujaipima, hujaipiga jicho pembeni. Unalipia picha na ahadi, kwa hiyo chunguza ahadi kuliko picha.

Ahadi ninayoitaka imeandikwa wazi: sarafu ikithibitika kuwa bandia, pesa inarudi, bila ukomo wa muda. Zaidi ya hapo nataka siku 7 hadi 14 za kurudisha hata kama ni halali ila sijaipenda. Nataka jina la mtu, anwani ya duka, na picha ya sarafu ileile ninayotumiwa. Wapo wanaoandika "picha ya mfano", na kwa sarafu zilizopigwa kwa mkono maneno hayo hayana maana.

VCoins na MA-Shops ni masoko yanayokusanya maduka ya wauzaji wa kazi hii chini ya paa moja, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Kuna pia IAPN, chama cha kimataifa cha wauzaji kilichoanzishwa mwaka 1951. Kwenye masoko ya wazi, ambako yeyote hufungua akaunti leo na kuuza kesho, wapo waungwana na wapo wengine. Hapo soma historia ya muuzaji, na tazama anauza nini kingine. Mtu mwenye simu zilizotumika, viatu, na dinari tatu za Julius Caesar, hizo dinari amezitoa wapi?

Duka lenye bei maalumu au mnada?

Anayeanza aende dukani. Bei unaiona, unafikiri, unauliza, unalala nayo. Mnadani kuna joto la ushindani, na juu ya bei ya nyundo, yaani ile uliyoshindia, kuna ada ya mnunuzi ambayo mara nyingi ni asilimia 20 hadi 25. Sarafu uliyoishinda kwa 100 inakuwa 120 au 125 kabla ya usafirishaji. Ukiingia mnadani, andika kikomo chako kwenye karatasi, ada ikiwa ndani yake.

Kuna mtu anauza nusu bei. Ananidanganya?

Siku hizi bei za sarafu zilizouzwa zinajulikana dunia nzima. Tovuti ya acsearch ina picha za minada ya miaka mingi. Picha ni bure, bei ni kwa wanaolipia. Muuzaji anayejua sarafu anajua thamani yake, kwa hiyo nusu bei ina sababu.

Mimi sababu yake niliilipia. Nilinunua kwa mtu mmoja "sesterti ya Nero" kwa dola 60, nikijua fika kuwa nzuri kama ile huanzia mamia. Ilipofika nilimpelekea sonara wa mtaani kwetu anipimie. Gramu 17.8, wakati nilitarajia 25 hivi. Akaigeuza pembeni, akapitisha ukucha kwenye ukingo, na kabla sijamwambia ni kitu gani akasema: "Hii imesubiwa hii," yaani madini yalimiminwa kwenye kalibu. Mshono wa kalibu ulikuwa umepigwa tupa lakini ukucha bado uliusikia. Nilipoandika kuomba kurudishiwa pesa, akaunti ya muuzaji ilikuwa imeshafungwa. Ninayo hadi leo, nazuilia karatasi.

## Bandia na zilizochezewa

Bandia nitaitambuaje kwenye picha?

Sarafu za Kirumi zilipigwa: kipande cha madini kati ya chapa mbili, nyundo juu, moja baada ya nyingine. Bandia nyingi za bei rahisi zimesubiwa. Dalili zake ni vitundu vya hewa usoni, herufi zenye kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, na mshono pembezoni. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya ukingo, jibu umelipata.

Kuna dalili moja inayotosha peke yake. Kwa kuwa zilipigwa kwa mkono, kila sarafu ina mpasuko wake, umbo lake, mahali ambapo chapa ilisogea. Ukikuta sarafu mbili mahali tofauti zenye mpasuko uleule, alama ileile ya kukwaruzwa shavuni, basi angalau moja ni mtoto wa nyingine.

Bandia zilizopigwa kwa chapa za kisasa ni habari nyingine. Hizo huwapita hata wenye uzoefu, na kinga yake ni ile ahadi niliyoieleza kwenye swali la muuzaji anayeaminika. Wala ufundi huu si wa jana: Giovanni da Cavino wa Padua alikuwa akitengeneza "sesterti" nzuri sana katika karne ya 16, na leo kazi zake zina wakusanyaji wake.

Dinari yangu imechubuka na ndani naona shaba. Nimepigwa?

Si lazima. Huenda ni bandia ya zama zilezile: roho ya shaba iliyovikwa ngozi ya fedha, ikapitishwa sokoni kama halali. Wakusanyaji huziita fourrée. Ni vitu vya kale kweli, lakini muuzaji anapaswa kusema, na bei iwe chini. Kama hakusema, rudisha.

"Imelainishwa" na "imechongwa upya" maana yake nini?

Kulainisha ni kuondoa ukoko na mikwaruzo kwenye uwanja wa sarafu, ile sehemu tupu inayozunguka picha. Kuchonga upya ni mtu wa leo kuchukua kisu na kumrudishia Nero nywele ambazo wakati ulishazila. Sesterti ndizo huathirika zaidi kwa kuwa ni kubwa na ghali. Jihadhari na sarafu ambayo nywele zina mistari mikali ilhali sikio limelika kabisa. Kuna pia patina (ile ngozi ya kijani au kahawia ya uzee) ya kupaka, na mchanga wa gundi unaowekwa ili ionekane imetoka jangwani. Chovya pamba kwenye asetoni uifute kidogo. Patina ya kweli haitoki.

Ile dinari ya "mpeni Kaisari" inauzwa kweli?

Inauzwa sana. Inayofikiriwa kuwa ndiyo ni dinari ya Tiberius (14–37 BK), yenye maandishi PONTIF MAXIM na mtu aliyeketi, iliyopigwa Lugdunum, Lyon ya leo. Si adimu. Ila kila Mkristo mkusanyaji anaitaka, kwa hiyo huenda kwa dola mia kadhaa, wakati dinari nyingine ya hali hiyohiyo ungeipata kwa nusu yake. Kwa sababu hiyohiyo bandia zake ni tele. Hii inunue kwa muuzaji mwenye duka tu.

Sarafu iliyofungwa kwenye kasha la plastiki ni salama zaidi?

Kampuni kama NGC hukagua sarafu za kale, huzipa alama za upigaji na za uso hadi 5, kisha huzifunga. Inasaidia kwa sarafu ya gharama. Kwa shaba ya dola 25, kasha ni ghali kuliko kilichomo, na utamu wa kuishika mkononi umeukosa.

## Asili na sheria

Kwa nini watu huuliza sarafu imetoka kwa nani?

Kwa sababu ardhi ina wenyewe. Italia, Ugiriki, Uturuki na Misri zina sheria kali juu ya kinachochimbuliwa, na sarafu iliyotoroshwa inaweza kudaiwa hata baada ya kupita mikono mitano. Mwaka 2020 jijini London iliuzwa sarafu ya dhahabu ya Brutus, ile ya EID MAR inayosherehekea kuuawa kwa Julius Caesar, kwa pauni milioni 3.24, hapo ada ya mnada imo. Baadaye ikagundulika kwamba karatasi za umiliki wake wa zamani zilikuwa za uongo, na mwaka 2023 mwendesha mashtaka wa New York akairudisha Ugiriki.

Shaba yako ya dola 25 haitafuatwa na mwendesha mashtaka wa New York. Lakini kati ya sarafu mbili zinazolingana, chukua ile yenye tiketi ya mkusanyaji wa zamani au namba ya mnada wa miaka ya nyuma, hata ikizidi kidogo.

Niko Ulaya au Marekani. Kuna sheria za ziada?

Zipo. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni mpya za uingizaji wa mali za kitamaduni tarehe 28 Juni 2025, na makubaliano ya Marekani na Italia yalianza mwaka 2011 kugusa aina fulani za sarafu. Ukinunua kutoka nchi hiyohiyo unayoishi, sehemu kubwa ya usumbufu huu humbakia muuzaji.

Sarafu za Kirumi zilifika pwani yetu?

Biashara ilifika. Periplus, kile kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 tulichokikariri kidato cha kwanza, kinaitaja Rhapta na pwani ya Azania, na delta ya Rufiji imetoa shanga za Kirumi. Kuhusu sarafu, maarufu ni zile za Bur Gao, kusini mwa Somalia, zinazosemekana kupatikana mwaka 1912, na wataalamu wamebishana miaka mingi kama kweli zilitoka pale.

Nalisema hili kwa sababu kuna watu hupitisha "sarafu ya Kirumi kutoka Kilwa" mkononi. Kwanza uwezekano ni mdogo. Pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hapo zimo sarafu za masultani wa Kilwa wenyewe. Usinunue.

## Malipo na usafirishaji

Nalipaje nikiwa Dar au Nairobi?

Kwa kadi, ikiwemo ile Visa ya mtandaoni unayoijaza kutoka M-Pesa, au kwa PayPal. Njia hizi zina mlango wa kulalamika. Muuzaji mgeni kwako anayetaka umtumie pesa kwa njia isiyorudi, mwage.

Itafikaje, na forodha watadai nini?

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ameshawahi kutuma Afrika Mashariki na kwa njia gani. Posta na kampuni nyingi za vifurushi zina masharti juu ya sarafu, na akikosea kuchagua, mzigo hurudi au hupotea bila bima. Mimi hupendelea kifurushi chenye namba ya kufuatilia na saini.

Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, mbali na ushuru na ada za wakala. Sarafu za wakusanyaji zina kifungu chake cha forodha, 97.05, muombe muuzaji akiandike kwenye tamko, maana afisa akiona "sarafu" peke yake, mtazungumza asubuhi nzima. Wapo wanaoomba thamani iandikwe dola 10. Kifurushi kikipotea, bima nayo italipa dola 10.

## Ikishafika

Naweza kuing'arisha kwa ndimu, kama sinia?

Hapana, wala ukwaju, wala jivu. Ngozi ile ya kijani au kahawia ndiyo inayoilinda, na ndimu ikiitoa umetoa na nusu ya bei.

Imeanza kutoa unga wa kijani hafifu. Ni nini?

Ni ugonjwa wa shaba. Chumvi za kloridi zilizobaki ndani hukutana na unyevu, na sarafu huanza kujila yenyewe. Ukiishi Dodoma unaweza usiuone kamwe. Tanga, Mombasa au Unguja, masika moja inatosha. Yangu moja ilitoboka kwenye paji la uso la mtawala Probus nikiwa nimesafiri wiki sita.

Itenge. Kwangua unga kwa kijiti cha mti, loweka kwenye maji yaliyokenekwa (yale ya betri yasiyo na asidi, soma chupa vizuri), ubadilishe kila siku kwa wiki kadhaa, kisha ikauke kabisa. Baada ya hapo iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Epuka vifuko vya plastiki laini ya PVC. Hutoa utelezi wa kijani unaofanana na ugonjwa huu na kuharibu vilevile.

Nikichoka, nitamuuzia nani?

Si sonara, yeye atakupa bei ya madini, na shaba haina bei kwake. Utarudi kwa haohao wauzaji wa mtandaoni au minada, na muuzaji akinunua tegemea kupata kama nusu ya bei ya dukani. Tunza ankara, tiketi na picha za kila sarafu kwenye bahasha yake, uzito ukiwa umeandikwa kwa penseli.